Betri ya volti 12, simu ya volti 5: namna ya kuchagua kidhibiti volti na swichi

Katika vijiji vingi vya delta ya Rufiji simu haichajiwi ukutani. Inachajiwa kwenye betri: betri ya sola ya nyumbani, ya bodaboda, au ya boti. Ukitoka Kibiti mjini ukashuka hadi Nyamisati, kisha ukapanda chombo kuelekea visiwani, kadiri unavyoingia ndani ya mikoko ndivyo betri ya volti 12 inavyozidi kuwa ndiyo TANESCO ya kila kaya. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa kuzalisha megawati 2,115, liko juu kwenye mto huuhuu wetu, lakini kuvusha nguzo na nyaya kwenye mikono ya mto na matope ya mikoko si kazi nyepesi. Sola ndiyo iliyofika kwanza.

Tatizo ni kwamba betri hiyo na simu yako hazilingani. Betri inatoa volti 12 na zaidi. Simu inataka volti 5. Katikati lazima kiwepo kifaa cha kushusha volti na kuzishikilia hapohapo zisipande wala kushuka. Kifaa hicho kinaitwa kidhibiti volti, na mafundi wengi wanakiita regyuleta. Pembeni yake kuna swichi ya kuwasha na kuzima. Vyote viwili ni vidogo na ni vya bei ya chini kuliko kitu kingine chochote kwenye mfumo wa sola, ndiyo maana wengi wetu tunavinunua bila kuuliza swali hata moja.

Lakini vikikosewa, kinachoungua ni simu. Na simu huku kwetu ni zaidi ya kupiga gumzo. Ndiyo pochi ya fedha, ndiyo njia ya kuita boti usiku mama anaposhikwa na uchungu, ndiyo njia ya mvuvi kujua bei ya kamba kabla hajaondoka kisiwani. Aprili 2024, mafuriko yalipoingia vijiji vya Rufiji na Kibiti, aliyekuwa na simu yenye chaji alikuwa na njia ya kuomba msaada. Kwa hiyo makala haya yanaeleza, hatua kwa hatua, namna ya kuchagua vifaa hivi viwili.

Betri ya "volti 12" haikai kwenye volti 12

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba namba 12 iliyoandikwa kwenye betri ni jina tu. Betri ya asidi iliyojaa na kutulia ina volti kama 12.7. Ikifika volti 11.8 imeisha, na kuendelea kuinyonya ni kuiua. Wakati sola inaichaji inaweza kupanda hadi volti 14.4. Bodaboda ikiwa inatembea, umeme wake nao unazidi volti 14.

Paneli yenyewe ni kali zaidi. Paneli inayouzwa kama ya volti 12, ikiwa kwenye jua la mchana na haijaunganishwa na kitu chochote, hutoa volti 21 au zaidi. Anayechomoa nyaya za betri ili aunganishe simu moja kwa moja na paneli kupitia kifaa dhaifu anaiweka simu kwenye hatari kubwa.

Hapo tunapata sharti la kwanza: kidhibiti chako kiweze kupokea volti kuanzia 11 hadi angalau 24 bila kuyumba, na upande wa pili kitoe 5 ileile. Simu nyingi zinakubali umeme wa USB wa kati ya volti 4.75 na 5.25. Ukishuka chini ya hapo chaji inakwenda polepole au inakataa. Ukipanda sana juu ya hapo, unaanza kubahatisha.

Watu wengi pia wanaogopa ampea. Wanauliza: nikinunua kidhibiti cha ampea 3, hakitailipua simu inayotaka ampea 1? Hapana. Volti husukumwa, ampea huvutwa. Simu huchukua ampea inazozihitaji na kuacha zilizobaki. Kidhibiti chenye ampea nyingi kuliko mahitaji kinafanya kazi bila kuchoka. Kinachoua simu ni volti zikizidi.

Kuna aina mbili za vidhibiti

Aina ya kwanza ni kidhibiti cha miguu mitatu. Ni kipande kidogo cheusi chenye mgongo wa bati na miguu mitatu, na mara nyingi kimeandikwa 7805. Tarakimu mbili za mwisho zinakuambia volti kinazotoa: 7805 ni volti 5, 7806 ni volti 6, 7809 ni volti 9. Kinafanya kazi kwa njia rahisi: volti zilizozidi kinazigeuza kuwa joto. Ni kama mtu anayetaka nusu ndoo ya maji, akaijaza ndoo nzima kisha akamwaga nusu chini.

Aina ya pili ni kidhibiti cha koili. Hiki ni kibao kidogo chenye vipande vingi, na utakitambua kwa koili, yaani waya wa shaba uliozungushwa kwenye duara jeusi au kwenye kiboksi. Vingi vimeandikwa LM2596. Chenyewe hakimwagi. Kinawasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde, kama mtu anayechota kwa kata mtungini kiasi kilekile kinachotakiwa, na koili inasawazisha michoto hiyo iwe mtiririko mmoja.

Tofauti yake unaweza kuigusa kwa mkono. Chukua betri yenye volti 12.6 na simu inayovuta ampea 1. Kidhibiti cha miguu mitatu kinalazimika kuondoa volti 7.6. Zidisha kwa ampea 1, unapata wati 7.6 za joto, wakati simu yenyewe inapata wati 5 tu. Kipande kidogo kiasi hicho, kisipofungwa bati la aluminiamu la kukipoozea, hakiwezi kubeba hata wati 2 kwa muda mrefu. Kitachemka, kitajizima, kitapoa, kitawaka tena. Ndiyo maana simu nyingine inaonyesha "inachaji, haichaji, inachaji" usiku kucha, na asubuhi unakuta asilimia 30. Kidhibiti cha koili kwa kazi hiyohiyo kinapoteza wati 1 hivi. Kinakuwa na uvuguvugu tu.

Warushaji wa ndege ndogo walilijua hili zamani

Kuna watu ambao kwao kosa hili huonekana papo hapo, angani. Ni wale wanaorusha ndege ndogo za kuongozwa kwa redio, zile ambazo mtu anasimama chini akiwa na rimoti na ndege inazunguka juu. Ndugu zao wakubwa ni droni, ambazo Tanzania tunazijua vizuri. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kupigwa picha za ramani kwa droni. Mwaka 2018 droni ilijaribiwa kubeba dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, safari ya kilomita 60 iliyochukua takribani dakika 40. Atakayefikiria huduma kama hiyo kwa visiwa vya Rufiji atakutana na swali hilihili la kidhibiti na swichi.

Ndege ndogo nyingi hutumia betri ya lithiamu ya seli tatu. Betri hiyo ikijaa ina volti 12.6, karibu sawa na betri yako ya sola. Injini inakula volti hizo zote. Lakini kipokezi cha redio ndani ya ndege, kinachosikiliza rimoti, pamoja na mota ndogo zinazogeuza mkia na mabawa, vinataka volti 5 au 6. Kwa hiyo nao wanaweka kidhibiti katikati.

Mwanzoni wengi walitumia kile kinachomwaga joto. Kwa betri ndogo na mota mbili kilitosha. Betri zilipoongezwa volti na mota zikawa nne au tano, mambo yalibadilika. Ndege inapogeuka ghafla, mota zote zinavuta umeme kwa pamoja, kidhibiti kinachemka na kujizima. Kipokezi kikikosa umeme, hata kwa sekunde chache, ndege haisikii tena rimoti. Inaanguka.

Wakahamia vidhibiti vya koili, wakakutana na tatizo jingine: kule kuwasha na kuzima kwa kasi hutoa kelele za redio, na kipokezi ni redio. Ikabidi wajifunze kukiweka kidhibiti mbali na kipokezi na antena yake. Kwa hiyo mrushaji mzoefu haulizi "kidhibiti kipi ni bora?" Anauliza maswali matatu: volti ngapi zinashushwa, kifaa kinavuta ampea ngapi, na kelele itamfikia nani. Maswali hayo matatu yanatosha pia kwa nyumba yako.

Kwa simu, chagua cha koili

Tufanye hesabu ya betri. Tuseme una betri ndogo ya 7Ah, yaani inaweza kutoa ampea 1 kwa saa 7 hivi. Betri ya asidi haipendi kuishiwa kabisa, kwa hiyo tumia nusu yake tu, yaani 3.5Ah.

Simu yako inachaji kwa ampea 1 kwa saa 2. Ukitumia kidhibiti cha miguu mitatu, kila ampea inayoingia kwenye simu inatoka pia kwenye betri. Saa 2 zinakula 2Ah. Nusu betri yako itajaza simu moja, na ya pili itaishia njiani.

Ukitumia kidhibiti cha koili, simu inachukua wati zake 5, ukiongeza kinachopotea zinakuwa kama wati 6. Gawanya kwa volti 12, betri inatoa nusu ampea tu. Saa 2 zinakula 1Ah. Nusu betri ileile inajaza simu tatu na zaidi. Kwa anayechajisha simu za majirani kwa malipo, hiyo ndiyo tofauti ya kupata faida na kufanya kazi ya bure.

Wapo wanaotumia inveta: wanapandisha volti 12 ziwe 230, kisha wanachomeka chaja ya ukutani ili izishushe tena ziwe 5. Inafanya kazi, lakini umeme unapotea mara mbili, na inveta inakula betri hata kama hakuna kilichochomekwa. Inveta iwekwe kwa ajili ya televisheni au mashine ya kunyolea. Simu isipitie huko.

Kabla hujanunua chochote, angalia kidhibiti chaji chako cha sola, kile kiboksi kilicho kati ya paneli na betri. Vingi vya siku hizi vina matundu mawili ya USB ubavuni. Kama chako kinayo na yanafanya kazi, tayari una kidhibiti cha koili ndani yake. Kama hayapo, unganisha kidhibiti chako kipya kwenye zile skrubu zenye mchoro wa taa, usikiunganishe moja kwa moja kwenye vichwa vya betri. Sehemu ya taa hujikata yenyewe betri ikikaribia kuisha. Ukiiruka, hakuna wa kuilinda betri.

Kwa redio, mambo yanageuka

Hapa tunazungumzia kazi yetu sisi watangazaji, maana wasikilizaji wengi hulalamika kwamba redio inavuma "ziii" wakiichomeka kwenye sola, wakadhani mitambo ya studio ina hitilafu. Mara nyingi kelele hiyo inatoka nyumbani, kwenye kidhibiti cha koili kilicho karibu na redio. Masafa ya kati na masafa mafupi ndiyo yanayoumia zaidi. FM nayo inaathirika stesheni ikiwa mbali na mawimbi yakifika hafifu, kama ilivyo katika sehemu nyingi za delta.

Jaribio lake ni rahisi. Washa redio kwa betri zake kavu, isikike vizuri. Kisha washa kidhibiti cha koili karibu nayo bila kukiunganisha na redio. Kelele ikiingia, umempata mchawi. Sogeza kidhibiti umbali wa mita moja au zaidi, sokota nyaya zake pamoja, na usiziache zikalala sambamba na antena.

Kwa redio yenyewe, kidhibiti cha miguu mitatu ndicho kinachofaa, kwa sababu hakina kelele na redio inavuta umeme kidogo. Redio ya betri nne kubwa inataka volti 6. Ikivuta ampea 0.2 kwa sauti ya juu, kidhibiti cha 7806 kinatoa joto la wati 1.3 tu. Bati dogo la aluminiamu linatosha. Redio ya betri sita inataka volti 9, hiyo ni 7809. Kumbuka tu kwamba vidhibiti hivi vinahitaji volti kama 2 zaidi ya zile vinazotoa, kwa hiyo 7809 itaanza kuyumba betri ikikaribia volti 11. Fundi aweke pia kapasita mbili ndogo karibu na miguu yake, moja upande wa kuingia na moja upande wa kutoka, la sivyo kinaweza kutetemesha volti.

Kabla hujachomeka, tazama mchoro mdogo karibu na tundu la umeme la redio. Unaonyesha kama chanya iko katikati au pembeni. Redio hazifanani, na ukigeuza unaweza kuiunguza.

Kama redio yako ni ile ndogo yenye betri ya simu ndani, inayochajiwa kwa waya wa USB, suluhisho ni jepesi zaidi: ichaji kwanza, chomoa, kisha sikiliza.

Swichi: mlango mdogo wenye kazi kubwa

Swichi inaonekana haina siri. Unabonyeza, inawaka. Lakini kuna mambo manne ya kuzingatia.

Kwanza, umeme wa betri si sawa na umeme wa TANESCO. Umeme wa TANESCO unabadili mwelekeo, na kila ukibadili unapita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde. Swichi ikifunguka, cheche inajizima yenyewe. Umeme wa betri haupumziki. Cheche inakaa muda mrefu zaidi na kula vidole vya swichi. Kwa hiyo swichi iliyoandikwa 250V AC 6A haina maana kwamba itabeba ampea 6 za betri. Tafuta iliyoandikwa DC, au chukua zile za pikipiki na gari, ambazo zimetengenezwa kwa ajili ya volti 12 za betri. Kama huna budi kutumia ya ukutani, isibebe zaidi ya taa moja mbili.

Pili, iweke upande wa volti 12, kabla ya kidhibiti. Sababu ni mbili. Upande huo ampea ni chache, kwa hiyo vidole havichoki haraka. Na ukizima, kidhibiti chenyewe nacho kinalala. Kidhibiti kilichoachwa wazi bila simu bado kinanyonya kidogo. Kikinyonya sehemu ya mia moja ya ampea, kwa wiki nzima ni karibu 1.7Ah, robo ya betri ya 7Ah imeondoka bila kufanya kazi yoyote.

Tatu, swichi yenye kutu inakula volti. Tuseme vidole vyake vimechafuka hadi kuwa na ukinzani wa omu 0.2 na ampea 2 zinapita. Zinapotea volti 0.4. Kwenye 12 hutazihisi. Kwenye 5 unabaki na 4.6, na simu inagoma. Hiyo ni sababu nyingine ya kuiweka upande wa 12.

Nne, jiulize: swichi hii ikifa, nataka ibaki imewashwa au imezimwa? Swali hili pia limetoka kwa warushaji wa ndege. Kwao swichi ikikatika angani, ndege imekwisha. Kwa hiyo wengine hutumia swichi za kielektroniki zilizoundwa ili waya wa swichi ukikatika, ndege ibaki imewashwa, na wengine huweka vidole viwili sambamba ili kimoja kikigoma kingine kibebe. Kwenye boti yako, taa ya usiku na pampu ya kutoa maji ni kama ndege ile: ziwe na swichi imara yenye mfuniko wa mpira, na nyaya zisiguswe ovyo. Chaja ya simu ni kinyume chake. Ikiharibika, ni heri izime.

Waya, fyuzi na chumvi

Waya mwembamba na mrefu ni mwizi mwingine. Chukua waya wa milimita za mraba 0.5, uupeleke mita 10 kutoka kwenye betri hadi chumba cha pili. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 20, zenye ukinzani wa omu 0.7 hivi. Ukipeleka volti 5 zenye ampea 1, zitafika 4.3. Simu haitachaji vizuri, na utailaumu chaja. Ukipeleka volti 12 na kuweka kidhibiti hukohuko simu ilipo, utapoteza volti 0.35 tu, na kidhibiti kitatoa 5 kamili. Kanuni yake: safirisha 12, shusha 5 karibu na simu.

Fyuzi iwekwe kwenye waya mwekundu, karibu na kichwa cha betri, isizidi urefu wa shubiri moja. Kwa kidhibiti kimoja cha simu, fyuzi ya ampea 2 au 3 inatosha. Hata betri ndogo, nyaya zake zikigusana, inatoa ampea nyingi kiasi cha kuufanya waya uwe mwekundu kama kaa la moto ndani ya sekunde chache. Kwenye nyumba ya makuti hilo halihitaji maelezo zaidi. Lakini elewa mpaka wake: fyuzi inalinda waya na nyumba. Haizuii kidhibiti kibovu kupitisha volti 12 hadi kwenye simu. Kidhibiti kikifa vibaya, hicho ndicho kinachoweza kutokea. Kwa hiyo kinachotoa harufu, kinachounguza kidole, au kinachofanya simu ichemke, kitoe siku hiyohiyo.

Kuhusu chumvi, watu wa delta hawahitaji kufundishwa. Upepo wa bahari unakula bati, na shaba unaifanya kijani. Weka kidhibiti, fyuzi na swichi kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, nyaya ziingilie chini ili maji yasishuke nazo ndani. Usikifunge kidhibiti kwa nailoni, maana kinahitaji kupumua. Maungio yachomewe kwa risasi, yasiwe ya kusokota tu. Vichwa vya betri visafishwe, vikazwe, kisha vipakwe grisi. Kila baada ya miezi michache fungua utazame. Ukiona kijani, kwangua na ukaze upya kabla ya chaji kuanza kusumbua.

Ukiwa dukani au kwa fundi

Uliza au soma haya kabla hujatoa pesa:

- Kinapokea volti ngapi? Isiwe chini ya 24.
- Kinatoa volti ngapi? Kwa simu iwe 5, isiyobadilika. Vile vyenye skrubu ndogo ya kurekebisha ni vizuri kwa fundi mwenye mita, lakini skrubu ikigeuzwa kidogo na mtoto, volti 5 zinakuwa 9.
- Kina ampea ngapi? Chukua mara mbili ya unachohitaji. Vibao vingi vilivyoandikwa ampea 3 vinabeba 2 tu kwa raha bila bati la kupoozea, na bandia ni nyingi.
- Kina koili au ni cha miguu mitatu? Koili kwa simu, miguu mitatu kwa redio.
- Swichi imeandikwa DC ya volti 12 au zaidi, na ampea mara mbili ya zinazopita?

Kisha omba kipimwe mbele yako. Fundi aunganishe kidhibiti na betri bila simu, apime kwa mita: isome kati ya 4.9 na 5.2. Halafu aunganishe simu ya zamani na kupima tena wakati inachaji: isishuke chini ya 4.75. Iacheni dakika 15, kisha mguse kidhibiti. Kama kidole kinavumilia, kimefaulu. Kama unakiondoa haraka, kirudishe rafuni.

Ukifika nyumbani, wiki ya kwanza usichaji simu juu ya godoro wala chini ya mto. Iweke mezani au kwenye sakafu ya udongo, mtu akiwa macho. Na kama simu yako haichaji vizuri leo, anza kwa kupima volti kwenye ncha ya waya kabla hujanunua chaja nyingine. Mara nyingi ugonjwa uko kwenye swichi yenye kutu au waya mwembamba, na dawa yake haizidi nusu saa ya fundi.